Muvi zisizochuja bado zinatengenezwa, au ndo basi tena?

Ubishi huu kwenye vijiwe vya Mwanza hauishi. Ukae Igoma, ukae Buzuruga, ukae Kirumba kule karibu na mwalo, ikishaanza tu habari ya muvi lazima atokee mzee mmoja aseme muvi zilikuwa zamani, siku hizi ni kompyuta na makelele, hakuna kitu, na lazima kijana amjibu kwamba mzee umri umeenda ndo maana, basi hapo kahawa itanyweka mpaka giza liingie. Swali lenyewe ni zuri kuliko wanavyolibishania: hivi sinema ya sasa bado ina uwezo wa kutoa muvi ambayo miaka 50 ijayo itakuwa inatajwa na zile kubwa za zamani, au ule wakati umepita?

Nianze na upande wa wazee, maana wana ushahidi mzito kuliko wanavyojua wenyewe. Kuna jarida la Uingereza linaitwa Sight and Sound, kila baada ya miaka 10 tangu 1952 linawauliza wahakiki muvi bora za zama zote ni zipi. Mwaka 2022 walipiga kura zaidi ya watu 1,600 wa nchi mbalimbali. Sasa angalia kumi bora yao: hamna hata moja iliyotoka baada ya 2001. Changa kuliko zote mle ni Mulholland Drive ya David Lynch, ya 2001, na inayoifuatia kwa uchanga ni In the Mood for Love ya Wong Kar-wai, ya 2000. Namba moja ni Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya 1975, zaidi ya masaa matatu unamuangalia mama wa nyumbani akimenya viazi na kupanga vyombo, na ukivumilia mpaka mwisho utaelewa kwanini waliichagua. Halafu linganisha na kura ya kwanza kabisa ya 1952. Iliyoshinda ilikuwa Bicycle Thieves ya De Sica, ya 1948, yaani ilikuwa na miaka minne tu! Kwahiyo kuna wakati watu walitoka ukumbini na bila kusubiri wakasema hii ndo bora ya zote, leo huoni mtu anathubutu kusema hivyo kwa muvi ya miaka minne iliyopita, na kama yupo anachekwa.

Ila vijana nao wanajibu hapo hapo kwa orodha hiyo hiyo. Citizen Kane ilitoka 1941, kwenye kumbi haikurudisha hela, mwaka 1952 haikuwemo hata kwenye kumi bora, halafu kuanzia 1962 mpaka 2002 ikakaa namba moja kura tano mfululizo. Vertigo ya Hitchcock ya 1958 ilipotoka wengi waliiona ya kawaida tu, imeingia kumi bora 1982, imekuwa namba moja 2012. Miaka 54 hiyo! Hizo mbili changa nilizotaja, kwenye kura ya 2012 zote zilikuwa nje ya kumi bora, zimepanda taratibu. Kumbe ukimuuliza mtu wa 2022 kuhusu muvi za 2015 unamuuliza mapema mno. Na hata hivyo zimeshaanza kuingia kwenye mia bora: Moonlight ya 2016, Get Out ya 2017, Parasite ya 2019, na Portrait of a Lady on Fire ya Céline Sciamma, nayo ya 2019, ilikuwa namba 30 ikiwa na miaka mitatu tu. Kwa mwendo wa orodha ile hiyo ni kasi ya ajabu.

Halafu tusisahau kwamba zamani nayo ilikuwa na takataka zake, tena nyingi, Hollywood ya miaka ya 1930 ilikuwa inatoa mamia ya muvi kila mwaka na nyingi hakuna mtu anayezikumbuka. Mzee anailinganisha ile moja iliyobaki na zote za mwaka huu zikiwa bado zimechanganyika mbovu na nzuri. Hapo hajatenda haki.

Panaponipa shida mimi ni hela. Chukua The Shawshank Redemption ya 1994. Ilitengenezwa kwa kama dola milioni 25, kwenye kumbi ilianguka, ikatajwa kuwania tuzo saba za Oscar isipate hata moja. Ikaokolewa na kanda za video na televisheni, ilikuwa inarudiwa rudiwa kwenye runinga za Marekani mpaka watu wakaizoea kama wimbo, na kwenye kura za watazamaji wa mtandao wa IMDb imekaa namba moja tangu 2008. Sasa muvi ya namna ile leo, watu wazima wanaongea gerezani, hamna anayepaa wala jengo linaloporomoka, nani anaitolea hela ya kuipeleka kumbini? Zamani muvi ya bajeti ya kati ilikuwa na nafasi ya pili, ikikosa ukumbini inarudisha kwenye DVD. DVD zilipokufa ile nafasi ikafa nayo, wenye studio wakaogopa, wakabaki na vitu viwili, muvi za gharama kubwa sana zenye jina linalojulikana tayari, na muvi ndogo za kubahatisha. Angalia muvi 10 zilizoingiza hela nyingi duniani 2024, karibu zote ni muendelezo wa kitu kilichokuwepo, Inside Out 2, Moana 2, Despicable Me 4, unaelewa. Muendelezo unaweza kuwa mzuri kabisa, The Godfather Part II si mnaijua, ila tasnia nzima ikiishi kwa muendelezo ule wa kwanza wa kuendelezwa utatoka wapi?

Na wale waandishi wazuri wengi wamehamia kwenye siizoni, huko ndo wanapewa muda wa kumjenga mhusika, sitakaa sana hapo maana ni mada nyingine.

Lakini kuna watu wamepita humo humo kwenye ugumu. Parasite ya Bong Joon-ho ilitumia kama dola milioni 11, ikaingiza zaidi ya milioni 250, na mwaka 2020 ikawa muvi ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Oscar ya muvi bora. Mi naiweka Parasite kwenye muvi zisizochuja bila kusubiri ruhusa ya mtu. Ile sehemu mvua inanyesha, familia inakimbia kutoka kwenye jumba la tajiri, ngazi baada ya ngazi wanashuka na maji yanashuka nao, wakifika kwao wanakuta chumba kimejaa maji ya choo, binti anapanda kukaa juu ya mfuniko wa choo anawasha sigara. Mtu wa Mabatini anayeujua mto Mirongo ukijaa humwambii chochote kuhusu sehemu hiyo, ameshakuelewa. Na kwetu ramani imegeuka, hapa maskini ndo yuko juu kwenye mawe Igogo na tajiri yuko chini Capri Point anapunga upepo wa ziwa, lakini mvua ikinyesha mwenye hasara ni yule yule. Muvi ya Korea inaongea na mtu wa Mwanza hivyo, halafu mtu aseme sinema imekufa? Kuna Sinners pia, ya Ryan Coogler, 2025, hadithi mpya kabisa haina muendelezo wala kitabu nyuma yake, imeingiza zaidi ya dola milioni 350. Na Sean Baker alipiga Tangerine kwa simu, iPhone 5s, mwaka 2015, miaka 10 baadae akabeba Oscar nne usiku mmoja kwa muvi yake ya Anora, na pale jukwaani akautumia muda wake kuwaomba watu warudi kumbini. Huyo ndo mtu ambaye vifaa havikuwahi kumzuia, na bado alichokuwa anahofia ni watazamaji.

Hapo ndo naungana naye. Uwezo wa kutengeneza upo, kamera ipo, vichwa vipo. Kinachopungua ni watu kukaa pamoja na kurudia. Hakuna muvi inayozaliwa ikiwa bora ya zama zote, inakuja kuwa hivyo kwa kurudiwa. Sholay ya India ilipotoka Agosti 1975 wiki za mwanzo ilisuasua, wahakiki waliiponda, halafu watu wakaanza kurudi na kuwaleta wenzao, ikaja kukaa zaidi ya miaka mitano kwenye ukumbi mmoja Bombay, Minerva. Miaka mitano ukumbi mmoja! Watu walikuwa wanajua maneno ya Gabbar Singh, yule jambazi wa muvi hiyo, kwa kichwa.

Na kwetu kazi hiyo imefanywa na vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyesha muvi. Nilikaa kwenye kimoja huku Igoma, jero mlangoni, mabenchi ya mbao, wameweka Commando ya 1985 iliyotafsiriwa na DJ, mle ndani kumejaa watoto ambao hata baba zao walikuwa wadogo muvi ilipotoka. Schwarzenegger anatoka majini, bado hata hajashika rangi ya kujipaka usoni, watoto wameshaanza kushangilia, mmoja anamtangulia DJ kwa maneno, anayasema yote kabla hayajasemwa. Hao hawakusoma popote kwamba ni muvi kubwa, wameikuta inarudiwa wakairithi. Wasimuliaji kama Lufufu na waliomfuata walifanya muvi ya mbali iwe ya mtaa, wakamtania adui kwa Kiswahili cha hapa hapa, ukienda mara ya pili unaenda kumsikiliza na yeye pia.

Sasa njoo kwa fundi wa kuweka muvi kwenye flashi. Juzi nilisimama kwa mmoja Nyakato akaja kijana akasema, "Kaka niwekee mpya za wiki hii." Fundi akamuuliza, "Zile nilizokuwekea umemaliza?" Akajibu, "Nimezirusharusha tu, futa weka zingine." Nimekaa pale kama nusu saa na wateja wote walikuwa wanauliza mpya ni zipi, hakuna aliyeuliza nzuri ni ipi. Simlaumu kijana, zinatoka nyingi mno na usiku bando linamsubiri, ila muvi iliyorushwarushwa na kufutwa siku ya tatu itapata wapi miaka 54 ya Vertigo?

Kuna mtu ataniambia hapana, siku hizi kurudia kumehamia kwenye simu, klipu moja ya muvi inaangaliwa na mamilioni. Ni kweli, na kuna muvi za zamani zimefufuliwa na klipu. Lakini klipu inakupa dakika moja ya eksheni, haikupi ile saa nzima ya kusubiri inayofanya hiyo dakika iume.

Bongo Muvi ilishatuonyesha soko linavyoiumba kazi. Enzi za DVD muvi moja ilikuwa inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili, na matokeo yake tuliyaona, gari linakuja getini, mlinzi anafungua, gari linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka sebuleni, dakika tano zimekwisha hakuna kilichotokea. Haikuwa kukosa akili, ilikuwa hesabu. Na katika mazingira hayo hayo alitoka Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga hapo jirani, amefariki Aprili 2012 na mpaka leo kazi zake mtu anaziomba kwa jina. Kwahiyo hata soko bovu haliui kila kitu. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilienda tamasha la Toronto 2021. Hiyo si Bongo ya kulazimisha dakika, kila picha imekaliwa na mtu akafikiri.

Na sisi Mwanza tuna sababu ya pekee ya kuuliza nani anaamua muvi ni kubwa. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004, ilipigwa hapa hapa, sangara, viwanda vya minofu, uwanja wa ndege, watoto wa mtaani, kamera ndogo na watu wachache sana. Ulaya walishangilia, ikafika mpaka kuwania Oscar ya filamu za uhalisia 2006. Hapa Rais Kikwete mwaka huo huo akaipinga hadharani kwamba inaichafua nchi na biashara ya samaki. Mi nakubali ina picha zenye nguvu ya kutisha, na nakubali pia mvuvi na mama muuza samaki walistahili kuonekana wana maisha mengine zaidi ya mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Kwangu mimi haijafika kwenye daraja la kudumu, na sababu ni kwamba watu inaowahusu hawajawahi kukaa pamoja wakaiangalia wakabishana nayo. Wengi hapa tunaisikia tu kwa jina.

Kura ijayo ya wale wahakiki, wakifuata utaratibu wao, ni 2032. Dau langu ni kwamba Parasite itapanda juu sana, na sitashangaa ile ya Sciamma ikaingia kumi bora. Upande wa Bongo ningeweka dau kwa Vuta N'Kuvute bila kusita, ila mpaka leo sijaikuta kwenye kibanda umiza chochote wala kwa fundi hata mmoja wa flashi, na hilo linaniuma kuliko ubishi wote wa Commando.