Tiba ya tabia kwa mtoto: iendelee hadi lini?

Mzazi akishauriwa kumpeleka mtoto kwenye tiba ya tabia, yaani vikao vya kumfunza stadi na mienendo mipya, huuliza itachukua muda gani. Mmoja humjibu miezi minne, mwingine miaka. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa kuwa hawamzungumzii mtoto mmoja.

Mtoto mwenye hofu iliyopindukia kwa kawaida hupangiwa vikao 12 hadi 16, na hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye usonji (autism), hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha matokeo ya watoto 19 waliopewa tiba ya saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili au zaidi. Tisa kati yao walimaliza darasa la kwanza la kawaida. Wanaotetea tiba ndefu husimama hapo, na hoja yao ina nguvu: kuongea, kusubiri zamu na kujilisha ni stadi zinazojengwa polepole.

Lakini watoto wale hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu nani apate tiba hiyo na nani awe wa kulinganishwa, na kundi lilikuwa dogo. Tena wapo watu wazima wenye usonji wanaosema tiba hiyo iliwafunza kuficha hali yao tu. Saa 40 ni wiki nzima ya kazi ya mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu atacheza saa ngapi?

Kukatisha mapema nako kuna hasara. Nchini Marekani na Kanada, utafiti uitwao MTA uliwafuatilia watoto 579 wenye ADHD, yaani upungufu wa umakini na utukutu uliozidi. Tiba ilidumu miezi 14, kwa dawa, kwa mafunzo ya tabia au kwa vyote pamoja. Kufikia mwaka wa tatu, tofauti kati ya makundi zilikuwa zimetoweka. Kuna wanaosema tiba ilikoma mapema mno, na kuna wanaosema hata ingeendelea isingebadili kitu.

Mimi naiogopa zaidi tiba isiyo na kikomo. Katika tiba ya mzazi na mtoto, kwa walio kati ya miaka 2 na 7, vikao huisha mzazi anapomudu stadi zilizokusudiwa, si kalenda inaposema. Huo ndio utaratibu ninaouunga mkono, mradi familia iweze kurudi kwa vikao vichache mtoto anapoanza shule au kubalehe. Na akifika miaka 13, aulizwe yeye mwenyewe kwanza anataka kusaidiwa nini.