Wati 300 za LED si wati-sekunde 300 za flashi

Swali hili huwa naulizwa sana na wapiga picha wanaoanza kujijengea studio: "Nina taa ya LED ya wati 300, mbona picha zinatoka giza, wakati flashi ya 300 ina mwanga wa kumwaga?" Siwalaumu. Namba kwenye maboksi inafanana, lakini kinachopimwa ni vitu viwili.

Wati ni kasi ya kutumia nishati. Wati-sekunde ni nishati yenyewe, imejazwa kwenye kapasita, yaani kihifadhi umeme, inasubiri kidole chako. Jina lake lingine ni jouli. LED ni bomba linalotiririka kutwa, ila unaruhusiwa kukinga kwa muda ambao shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, iko wazi tu. Ukipiga kwa 1/125 ya sekunde, chukua 300 ugawe kwa 125: umekinga jouli 2.4. Flashi kwenye nguvu kamili ni ndoo ya jouli 300 inayomwagwa yote kabla shata haijafunga. Hapo tofauti ni mara 125, karibu stopu 7, kila stopu ikiwa ni mwanga kuongezeka mara mbili. Kweli LED hugeuza umeme kuwa mwanga vizuri kuliko mrija wa zenoni ulio ndani ya flashi, kwa hiyo pengo hupungua. Haliishi.

Kwa chupa ya manukato juu ya meza hilo halinisumbui hata kidogo. Kamera kwenye tripodi, shata wazi sekunde nzima, LED inakulipa jouli zako zote 300. Chupa haipumui.

Binadamu anapumua. Juzi nilimpiga picha mtoto wa miaka minne kwa LED ndani ya softboksi, yaani boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, kama mita 2 hivi: f/8 (upana wa tundu la lenzi), 1/125, ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Nilipoikuza picha, kope zilikuwa zimeshikana kuwa mstari mmoja, na mkono aliokuwa anapunga ulikuwa na vidole kama moshi. Nikawasha flashi, f/8 ileile, ISO 100. Kila ukope umesimama peke yake, na tone la mate kwenye mdomo wa chini linang'aa. Sikuwa na haja ya kumwambia atulie, na mtoto asiyeambiwa atulie hucheka vizuri zaidi.

LED naiheshimu. Anayejifunza kupanga taa aanze nayo, maana anakiona kivuli cha pua kabla hajabonyeza. Na kwenye video, flashi haina kazi.

Ila wengi wakiona giza hukimbilia kununua LED kubwa zaidi, na hapo anayeumia ni anayepigwa picha. Anakunja uso, macho yanamtoka machozi, mboni zinajibana mpaka kuwa vitone. Mimi picha za uso napiga kwa flashi, taa yake ndogo ya kuongozea nikiiacha hafifu. Mboni zinabaki pana, na mwako wa flashi unapita kabla hazijawahi kujikunja.