Ishara ya MRI ya kaboni inakufa ndani ya dakika, hapo ndo pana kazi

Jamani kuna habari ya MRI ya kaboni, yaani kipimo cha picha za mwili kwa sumaku kinachoonesha saratani inavofanya kazi, nimeisoma mara mbili, maana ami yangu wa Wete alikuwa na saratani ya tezi dume na kila tukenda kupima tunaambiwa uvimbe uko vilevile subirini, dawa inafanya kazi au haifanyi hatujui, miezi inapita. Sasa hii kaboni-13, aina ya kaboni inayotumika kwenye kipimo hicho, haina mionzi, inakuwa ndani ya pairuveti (kitu ambacho mwili wenyewe hukipata ukivunja sukari), wanaigandisha karibu nyuzi 272 chini ya sifuri kwenye sumaku na kuipiga mawimbi ya maikrowevu, ishara yake kwenye mashine inapanda zaidi ya mara 10,000, halafu inayeyushwa mgonjwa anadungwa, na mashine inaona saratani inavoigeuza kuwa lakteti (asidi inayobaki seli zikitumia sukari), yaani unaona uvimbe unavokula si ukubwa wake tu! Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, Marekani, walishapima wanaume 31 wenye saratani ya tezi dume, matokeo yakatoka 2013.

Ila ishara inafifia kwa dakika moja mbili, hii dawa huwezi kuipakia boti Dar ikaja Unguja, lazma itengenezwe ubavuni mwa mashine, ichujwe, ikaguliwe usalama haraka haraka ndo mtu adungwe. Kwa hivo nawaomba wakubwa wetu wasomesheni vijana fizikia ya tiba na ufamasia kuanzia sasa, Pemba wapo wenye vichwa.