Usitupe Mfuko wa Peremende za Pasaka

Pasaka ikikaribia, ndugu na marafiki huanza kunipigia simu na swali moja: "Tumnunulie mtoto peremende gani?" Wanataka jina. Wakishalipata waende dukani, wanunue, wamalize. Nawaelewa, tena nawashukuru, maana anayeuliza hivyo hataki kumwona mtoto wa mwenzake amekaa pembeni huku wengine wanatafuna. Lakini siku hizi sitaji jina. Nawaambia: tafuteni iliyoandikwa kwamba haina gluteni, na yoyote mtakayoipata, njoni na mfuko wake.

Binti yangu ana ugonjwa wa seliaki. Aligunduliwa akiwa na miaka minne, baada ya mwaka mzima wa tumbo kujaa, kuharisha, na uzito kugoma kupanda. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ileile inayofanya unga uliokandwa uvutike bila kukatika. Yeye akiila, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula vinalala, vinaisha, na chakula kinapita bila kumfaa. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu mia duniani ana hali hii, na wengi hawajijui. Dawa ya kuiponya hakuna. Tiba ni kuacha gluteni siku zote, na Jumapili ya Pasaka ni mojawapo ya siku hizo.

Huwa namkumbuka daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mkate ulipoadimika nchini mwake, watoto wenye seliaki walionekana kupata nafuu. Mkate uliporudi, wakarudi kuugua. Aliyewapa mkate ule hakuwa adui yao. Alikuwa mama, au muuguzi, mtu aliyefurahi kwamba hatimaye kuna cha kumpa mtoto. Ndiyo maana simlaumu yeyote anayemletea binti yangu peremende isiyomfaa. Namwomba karatasi tu.

Watu wengi wanashangaa nikiwaambia kwamba peremende nyingi hazihitaji gluteni hata kidogo. Sukari, sharubati ya glukosi, jelatini, rangi na ladha: hapo hakuna ngano. Chokoleti yenyewe ni kakao, sukari na maziwa. Gluteni inaingia pale mtengenezaji anapotaka kitu kilie mdomoni, kama biskuti iliyo ndani ya Twix au kaki nyepesi za Kit Kat. Inaingia kwenye zile pipi nyeusi za likorisi, ambazo nyingi hukandwa kwa unga wa ngano. Hizo si kazi kuzitambua. Kinachoninyima usingizi ni kimea.

Shayiri ikilowekwa, ikachipua, kisha ikakaushwa, inapata utamu fulani wa kukaangika unaoelewana sana na maziwa na kakao. Ndiyo ladha ya Maltesers, zile peremende za duara zilizovikwa chokoleti. Shida ni kwamba kimea hukaa hata mahali ambapo mtu hakitafuti: kwenye punje za mchele zilizofurishwa na kupachikwa ndani ya yai la chokoleti, au kiasi kidogo tu ndani ya chokoleti laini ambayo ukiitazama unaona haina kitu kingine. Mtu anasoma "mchele", anashusha pumzi, kwa sababu mchele hauna gluteni, na halifikii neno linalofuata.

Sheria nazo hazilindi sawasawa. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, unataka nafaka zenye gluteni zitajwe na zikolezwe wino kwenye orodha ya viambato, shayiri ikiwemo. Marekani, sheria ya vizio, yaani vitu vinavyoleta mzio, ya mwaka 2004 inamlazimisha mtengenezaji kutaja ngano, shayiri haimo. Kwa hiyo unaweza kuangalia mstari wa chini unaotaja vizio kwenye mfuko uliotengenezwa kwa sheria hiyo, usione neno ngano, ukaweka peremende kwenye kikapu kwa amani, kumbe kimea kimo katikati ya orodha. "Haina ngano" na "haina gluteni" ni maneno mawili tofauti, na mtoto wangu anahitaji la pili.

Yapo pia majina yanayotisha bure, na kwa hayo nina majuto. Maltodekstrini, kiambato kinachotokana na wanga, inakaribiana na kimea kwa jina tu. Sharubati ya glukosi, hata ikitokana na ngano, imesafishwa kiasi kwamba Umoja wa Ulaya umeiondoa kwenye sharti la kutajwa kama kizio. Mwaka wa kwanza sikujua hayo, nikamnyima binti yangu peremende za jeli msimu mzima, na zingemfaa.

Sasa Pasaka ina tabia yake. Tangu J. S. Fry & Sons watengeneze yai la chokoleti Uingereza mwaka 1873, na Cadbury wakafuata mwaka 1875, umbo ndilo limekuwa uhondo wenyewe. Mtoto hataki mche wa chokoleti wa kila siku. Anataka yai, anataka sungura mwenye masikio ya kuanza nayo. Na kwangu mimi umbo ndilo linaloleta mashaka. Peremende yenye jina lilelile tunayoinunua mwaka mzima, ikifinyangwa kuwa yai, inaweza kutoka kwenye mtambo mwingine, au kiwanda kingine kabisa, palipopita biskuti asubuhi yake. Wakati mwingine mchanganyiko wenyewe hubadilishwa kidogo ili chokoleti ishike umbo. Ndiyo maana kuna peremende ambazo katika saizi ya kawaida zimeandikwa hazina gluteni, na katika umbo la sikukuu maneno hayo hayapo. Nilikuwa na orodha nzuri niliyoiandika kwa mkono, nikiibandika kwenye mlango wa kabati. Nikaibandua, kwa sababu orodha ya mwaka jana inakupa ujasiri usioustahili.

Basi tusome lebo kila mwaka, upya. Sawa. Lakini lebo iko wapi siku yenyewe?

Naikumbuka vizuri Pasaka ambayo binti yangu alikuwa na miaka sita. Watoto walikuwa wametawanyika wakitafuta mayai ya plastiki yaliyofichwa, yale yanayofunguka katikati, kila moja na peremende ndani. Binti yangu alirudi amekumbatia kikapu kwa mikono miwili. Hakula hata moja, alikuwa ameshajifunza. Alikaa chini, akazipanga kwenye mkeka kwa mstari, kumi na moja, akaniita. Akashika moja iliyovikwa karatasi ya zambarau inayong'aa, karatasi tupu isiyo na hata herufi. "Mama, hii ni yangu?"

Nikamtazama mama yangu, maana yeye ndiye aliyezinunua. "Mwanangu," akasema, "mfuko wake ulikuwa wa manjano, una picha ya sungura kwa nje. Nilikagua, naapa nilikagua." Tukaenda kwenye pipa la taka, mimi na yeye. Mifuko miwili tuliipata nzima. Mmoja ulikuwa umechanwa palepale penye orodha ya viambato. Wa manjano haukuwepo. Kati ya zile kumi na moja, binti yangu alikula nne. Saba nilizichukua mkononi mwake, na huenda tano au sita kati ya hizo zilimfaa kabisa. Hilo ndilo linaloniuma: huenda zilimfaa. Mama yangu alikuwa amefanya kila kitu sawasawa dukani, na kazi yake yote ikaishia kwenye pipa pamoja na ule mfuko.

Pasaka hutenganisha peremende na karatasi yake. Tunafungua mifuko, tunachanganya, tunajaza vikapu, tunaficha kwenye majani, kwa sababu hivyo ndivyo inavyopendeza. Vipande vidogo vinavyouzwa kwa pamoja ndani ya mfuko mkubwa mara nyingi vina jina tu, au havina kitu. Maelezo yote yako kwenye mfuko, na mfuko ndio wa kwanza kutupwa. Makampuni yanayoweza kuchapa nyota na maua kwenye karatasi ya ukubwa wa kidole gumba yana nafasi ya kuchapa maneno mawili, "haina gluteni" au "ina gluteni". Naona hilo lilipaswa kuwa sheria, na nitaendelea kulisema.

Pia lile onyo la "huenda ina chembe za ngano" watengenezaji wengi huliweka kwa hiari yao. Lisipokuwepo, haimaanishi kwamba mtambo ni safi. Kwa mtoto wa seliaki, ukimya wa lebo hautoshi.

Najua kuna atakayesema kidogo hakimdhuru mtu. Nimeambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu, nami nawajibu kwa hesabu. Kiwango kinachokubaliwa Marekani na Umoja wa Ulaya kwa chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Yai la chokoleti la gramu 100 linaloufikia mpaka huo lina miligramu 2. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takriban gramu 2 za gluteni au zaidi, yaani mara elfu moja ya hapo. Kwa hiyo kumbandulia mtoto kaki na kumpa chokoleti iliyoizunguka si kumsaidia. Makombo yanayobaki yanatosha kumdhuru. Kuipasha moto hakuiondoi gluteni. Na zile peremende za wazi dukani, za kujichotea kwa kijiko, mimi sizigusi kabisa, hata kama kila aina pale inafaa, kwa kuwa kijiko hicho kimepita kwenye kila pipa.

Wapo wanaoshauri niachane na peremende, nimpe vibandiko, penseli za rangi, mpira. Wanasema meno yake yatanishukuru. Vitu hivyo ni vizuri na huwa naviweka. Ila mtoto anajua ni kitu gani kimesherehekewa na kitu gani kimewekwa badala yake. Anamwona binamu yake anavunja sikio la sungura, na yeye ana penseli. Sikubali kwamba ugonjwa wa utumbo umfunze kukaa pembezoni mwa furaha ya wenzake akiwa na umri huo.

Kwa sababu hiyohiyo siipendi ile njia ya kumnunulia yeye peke yake kasha maalumu la bei ya juu na kuwapa wengine mchanganyiko wa kawaida. Tunapoficha mayai, nani atahakikisha anaokota yake? Sisi tumeamua kikapu chote kiwe salama, cha watoto wote. Inawezekana bila ya mtu kugundua tofauti: chokoleti tupu iliyoandikwa haina gluteni, jeli zenye umbo la maharage, mashimalo. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza kimea kimeenda wapi. Wanakimbia wote, wanaokota wote, na binti yangu halazimiki kuja kwangu kila anapopata kitu.

Nalishikilia hili zaidi kwa sababu kuna mahali ambapo sitaweza kumpangia. Sisi ni Wakatoliki, na anakaribia komunyo ya kwanza. Hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, lazima iwe ya ngano. Vatican ilirudia mwaka 2017 kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, ila yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa mradi itoshe kuwa mkate. Tutazungumza na padre, tutazungumza na daktari, na ipo njia ya kupokea divai peke yake. Lakini pale altareni atalazimika kuwa tofauti na wenzake. Akitoka nje ya kanisa asubuhi ya Pasaka, nataka akute kikapu ambacho hakimtofautishi na mtu.

Mwaka jana mama yangu alikuja na vikapu vyake kama kawaida. Kabla ya kuvua kandambili akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na vipande vitano alivyokata kwa mkasi kutoka kwenye mifuko, ule upande wa viambato tu, na nyuma ya kila kipande amebandika peremende moja kwa gundi ya karatasi ili tusikosee. Binti yangu, ambaye sasa anasoma mwenyewe, aliketi naye sakafuni, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Cha tatu kidole kikasimama.

"Bibi, hii ina kimea."

"Wapi?" Mama akavaa miwani, akasogeza karatasi karibu na dirisha. Akakiona. Akazitoa zote za aina hiyo kwenye vikapu, moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye mkoba wake. "Basi hizi ni za bibi," akasema, akamenya moja.