Ugomvi wa Waayalandi na Waingereza, na huu wetu wa Namanga

Nikirudi Rombo sikosi mtu wa kunieleza kwamba Wazungu ni wamoja, wanabebana. Mtu huyo ningempeleka nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Birmingham, akae meza moja na wazee wa Kiayalandi waliokuja miaka ya 1950 kuchimba mitaro na kujenga barabara, awaambie wao na Waingereza ni kitu kimoja. Akitoka na masikio yake mawili, ashukuru.

Chuki yenyewe ina mizizi mirefu. Mwaka 1845 viazi viliingiwa na ugonjwa, na viazi ndivyo vilikuwa chakula cha maskini wa Ayalandi, nchi iliyokuwa ikitawaliwa kutoka London. Katika miaka michache watu kama milioni 1 walikufa na zaidi ya milioni 1 wakahama, katika nchi ya watu milioni 8 na ushee. Nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Serikali ilinunua mahindi Marekani, yale magumu ya manjano, ikawagawia watu ambao hawajawahi kuyaona, hawana vinu vya kuyasaga wala hawajui yanapikwaje, matumbo yakawasokota. Majiko ya supu ya 1847 yalifika kulisha watu milioni 3 kwa siku, maana yake serikali ilipotaka iliweza, kisha yakafungwa. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria kwamba mwenye zaidi ya robo eka ya shamba hasaidiwi mpaka aliachie. Waliokimbilia Liverpool walipokelewa kwa maneno ambayo mhamiaji yeyote wa leo anayafahamu: wanashusha mishahara, wanaleta maradhi. Homa ya chawa iliitwa homa ya Waayalandi.

Hata hivyo mimi kisa kinachonikaa zaidi ni vita ya ushuru ya 1932. Kabla ya uhuru wakulima wa Ayalandi walikopeshwa na serikali ya Uingereza ili wanunue mashamba kutoka kwa mabwanyenye waliokuwa wakiwatoza kodi. Baada ya uhuru marejesho yakaendelea kwenda London. Éamon de Valera alipoingia madarakani, dunia nzima ikiwa imeyumba kiuchumi, akasema fedha hizo haziendi tena. Wala hakuwasamehe wakulima. Aliendelea kuzikusanya, zikabaki Dublin. London ikajibu kwa ushuru wa asilimia 20 juu ya ng'ombe na mazao ya Ayalandi. Dublin nayo ikatoza ushuru makaa ya mawe ya Uingereza.

Ng'ombe wakadoda. Ikafika mahali serikali inamlipa mfugaji shilingi 10 kwa kila ngozi ya ndama aliyemchinja. Ndama mzima, hana ugonjwa, kosa lake hana soko. Wengine waliona heri wawavushe usiku kwa njia za panya hadi Ayalandi ya Kaskazini, iliyobaki chini ya Uingereza. Sisi wa Rombo habari hizo hatuhitaji kusimuliwa. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983, na wazee wetu wanajua kahawa ilipitia wapi kufika Taveta.

Ugomvi ule uliisha 1938, Ayalandi ikalipa pauni milioni 10 mara moja yakaisha. Na muda wote huo serikali mbili zikikabana koo, kijana wa Mayo, magharibi mwa Ayalandi, aliyekosa kazi aliendelea kupanda meli kwenda kutafuta kibarua Uingereza. Ng'ombe wake alitozwa, yeye alipita. Miaka kumi na moja baadaye Ayalandi ikajitoa Jumuiya ya Madola, na bunge la London likatunga sheria, 1949, kwamba hata hivyo Ayalandi haihesabiwi kuwa nchi ya kigeni. Tanzania yetu imo katika Jumuiya hiyo mpaka leo, nami niko hapa kwa viza iliyofungwa kwa mwajiri.

Msidhani ni mapenzi. Uingereza ilitaka vibarua wa bei rahisi na Ayalandi ilitaka kupunguza vijana wasio na kazi wasije wakaiangusha serikali. Mzee mmoja ninayemwogesha asubuhi alilipwa mkononi miaka mingi, bahasha ikitolewa baa, bila makato wala karatasi, na leo pensheni yake ni ya kuonea huruma. Aliniambia baada ya mabomu ya 1974 ya wapiganaji wa Kiayalandi wa IRA, yaliyoua watu 21 katika baa za mji huu, alikuwa akipanda basi anafumba mdomo, asije akasikika lafudhi. Nauli aliinyoosha tu mkononi. Watu wasio na hatia walikaa jela hadi 1991 kwa kesi hiyo. Kwa hiyo simsifu Mwingereza. Nasema tu kwamba mlango haukufungwa, na hilo lina faida yake: Ayalandi ilipofilisika 2010, Uingereza iliikopesha pauni bilioni 3 na zaidi, na waziri wa fedha hakuficha kwamba benki za Uingereza zenyewe zingeumia jirani akianguka. Maslahi yalikuwa yameshafumwa pamoja.

Sisi tunafanya kinyume. Wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunauimba, bendera tunapeperusha, kisha mwaka 2017 tunapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya na kuchoma vifaranga 6,400 pale mpakani Namanga. Wakenya nao 2021 wakazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Hapo bado ni mambo ya bidhaa, na kama nilivyosema, hata Ulaya walichinja ndama. Kilichonichoma ni amri yetu ya Julai 2025 ya kuwazuia wageni kufanya biashara kama uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa kukarabati simu na saluni. Hoja kwamba vijana wetu hawana ajira naielewa, ni hoja ileile ya Liverpool. Lakini msusi wa Taveta aliyeolewa Rombo si mwekezaji wa kutuhofisha. Serikali zikitaka kutunishiana misuli kuhusu mahindi na kuku, zifanye, zina wataalamu wa kukaa mezani. Huyu wamwachie kitana chake.

Ninaye wa namna hiyo kwenye ukoo, ana saluni Himo. Leseni yake ikiisha hapewi nyingine. Familia ilikaa kikao, na pendekezo lililokuwepo niliposikia mara ya mwisho ni kwamba saluni iandikwe jina la shemeji yangu, mwanamume wa makamo ambaye hajui hata kusuka twende kilioni.