"Umeua, Mkuu": Anayeanza Kupiga Picha Anafunzwa au Anabembelezwa?

Picha ikitupwa kwenye kundi la wapiga picha, liwe la WhatsApp au la Telegram, majibu hayachelewi. "Umeua, mkuu." "Noma." "Hii kali." Zinafuata alama za moto, kisha mtu anauliza nani anauza betri ya Canon, mwingine anatangaza msiba, na ile picha inapanda juu hadi haionekani tena. Aliyeiweka, ambaye bado anahangaika kutofautisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na spidi ya shata (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia), amefurahi. Wiki ijayo atapiga sendofu nyingine kwa makosa yaleyale.

Hilo ndilo lalamiko kubwa la watu wa fani dhidi ya makundi haya: yanabembeleza, hayafundishi. Nakubaliana nalo kwa sehemu kubwa. Ila wanaolisema mara nyingi ni watu waliokwisha kufika, na wanapowaambia wanaoanza waachane na magrupu wakae na kamera zao, hawajiulizi zamani mtu alisahihishwa na nani.

Alisahihishwa studio. Pale Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baadaye kazi ikashikwa na mwanawe, Rohit. Ufundi ulipita hivyo, ndani ya familia, na kijana wa nje akibahatika kupokewa kwa fundi fulani alianza kwa kufagia, kubeba taa na kuchanganya dawa za kusafishia filamu. Mkanda wa milimita 35 ulitoa picha 36, na kila iliyoharibika ilikuwa hasara ya mwenye duka, kwa hiyo masahihisho yalikuja palepale, tena bila kupakwa asali. Fundi aliijua taa, alimjua mteja, na alimjua mwanafunzi wake kiasi cha kutambua kama kosa ni bahati mbaya au limeshakuwa tabia. Shule bora kuliko hiyo siijui. Lakini mlango wake ulikuwa mwembamba: asiye na mjomba mwenye studio, na hasa akiwa msichana, aliitazama kupitia kioo cha mbele tu. Kisha zikaja kamera za dijitali na simu, biashara ya kusafisha filamu ikafa, na studio nyingi zilizosalia zikabaki kupiga picha za pasipoti.

Makundi ya mtandaoni yaliingia kwenye pengo hilo, na kitu cha kwanza yalicholeta ni watu. Ufundi ulifuata, pale ulipofuata. Kwa anayeishi Sumbawanga au Lodwar, mbali na maduka ya lenzi, kundi ndiyo njia ya kujua kwamba kamera fulani ya mtumba inasumbua shata, kwamba bei aliyotajiwa ni ya kuibiwa, kwamba kuna mteja anayelipa kianzio halafu hapokei simu. Humo mtu huazima flashi ya harusi ya Jumamosi. Mwenye kazi mbili siku moja hutafuta wa kumsaidia humohumo, na mara nyingi humchukua yule anayemwona akichangia kila siku, hata kama si hodari kuliko wote. Kamera ikiibwa, namba yake inasambazwa. Mwenzao akifiwa, mchango unakusanywa kabla ya jua kuzama. Anayesema makundi hayana faida kwa sababu hayafundishi mpangilio wa picha anayapima kwa kipimo kimoja tu. Watu huacha fani hii kwa upweke na ukata kuliko wanavyoiacha kwa kukosa maarifa, na ile "umeua, mkuu" ina kazi yake hapo. Ni salamu. Anayeichukua kama tathmini ndiye anayejidanganya.

Tathmini yenyewe, basi, kwa nini ni hafifu? Tumezoea kulaumu uvivu wa watu, lakini sehemu ya jibu imo kwenye chombo. Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina upana wa pikseli 6,000. Ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubaki sehemu ndogo tu ya hapo, na hata lile chaguo la HD lililoongezwa mwaka 2023 bado linapunguza. Taarifa za upigaji, yaani spidi ya shata, tundu la lenzi na ISO, zinaondolewa njiani. Anayetoa maoni anaitazama picha kwenye kioo kisichozidi kiganja, pengine juani, pengine kasimama ndani ya daladala. Hawezi kuona kama fokasi imekaa jichoni au sikioni. Hajui kama ukungu kwenye mikono ya bwana harusi umetokana na spidi ya 1/60 au na lenzi yenye matatizo. Anasema basi anachoweza kusema: rangi nzuri, punguza mwanga kidogo. Ukituma picha kama faili, ukubwa na taarifa zake vinabaki vyote, na inashangaza jinsi wanaofanya hivyo walivyo wachache hata kwenye makundi ya watu wanaojiita wataalamu. (Ikiwa imepigwa kwa simu, hakikisha haijabeba pia mahali unapoishi.)

Mtandao wa Flickr, ulioanza mwaka 2004, ulikuwa mahali pazuri zaidi kwa jambo hili. Taarifa za kamera zilionekana chini ya picha, na makundi yalikuwa na mijadala iliyodumu badala ya kusukumwa juu na matangazo ya betri. Lakini hata huko kulitokea kisa maarufu. Kundi moja liitwalo DeleteMe liliwafanya wanachama wapige kura picha ibaki au ifutwe. Mwaka 2006 mwanachama mmoja aliweka humo, bila kumtaja mpigaji, picha ya Henri Cartier-Bresson, mpiga picha mashuhuri wa Kifaransa, ya mwaka 1932, iliyopigwa Hyères, Ufaransa: mwendesha baiskeli anakatiza chini ya ngazi ya mzunguko. Kura zikaitaka ifutwe. Mojawapo ya kasoro walizoziona ni kwamba picha ina ukungu.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba wakosoaji wa mtandaoni hawajui kitu. Mimi sikisomi hivyo. Ukungu wa yule mwendesha baiskeli unafanya kazi: ngazi na mawe vimetulia, yeye anapita. Ukungu wa anayeanza, mara nyingi, ni ukungu tu. Wale wapiga kura walitumia kanuni zinazofaa kwa picha nyingi zilizowafikia, na kwa picha hizo wangekuwa sahihi. Walichoruka ni swali la kwanza, kwamba mpigaji alikuwa anatafuta nini. Kanuni bila swali hilo humsaidia mtu miezi ya mwanzo, kisha humfunga. Angalia makundi yaliyokaa muda: mandhari ya nyuma yamefifishwa kwa wote, mhusika amewekwa kwenye mstari wa theluthi, yaani unaogawa picha mafungu matatu, rangi ni chungwa na buluu kutoka kwenye priseti (mpangilio wa rangi ulioandaliwa tayari) ileile ya Lightroom, programu ya kuhariri picha. Hakuna aliyekosea, na hakuna picha utakayoikumbuka.

Halafu kuna suala la mahali, ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Anayejua Kiingereza huvutwa na makundi makubwa ya nje, na ni kweli huko kuna wakosoaji makini wanaoandika aya tatu juu ya picha ya mtu wasiyemjua. Watamwambia asubiri ule mwanga wa dhahabu wa jioni. Ushauri mzuri, ila karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na mwanga huo unaondoka upesi kuliko wanavyouzoea wao kwenye kiangazi cha Ulaya. Wala sendofu haisubiri: wageni rasmi wanaingia ukumbini saa mbili usiku, chini ya taa za zambarau na kijani zinazozunguka. Watamwambia pia aiamini mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake. Mita, kwa asili yake, huchukulia kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu cha kati, kile kinachoakisi asilimia 18 ya mwanga. Msimamishe bibi harusi mweusi, na shela jeupe, mbele ya pazia jeupe: mita itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utazama gizani. Mpiga picha wa Mwanza au Mombasa aliyekwisha kurudishiwa albamu na mteja kwa kosa hilo atamweleza kwa sentensi moja: pima usoni, piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), mikunjo ya shela utaiokoa kwenye kuhariri.

Wala kusahaulika kwa ngozi nyeusi si hisia za watu. Kwa miongo kadhaa Kodak ilisambaza kwa maabara kadi za kupimia rangi, maarufu kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyosafishwa sawasawa. Maarifa ya kupiga ngozi nyeusi yalikusanywa na waliozipiga, mmoja mmoja, na sasa yanapatikana kwenye makundi ya nyumbani kuliko kwenye miongozo ya kamera.

Lakini asikimbilie mtu kusema la nyumbani ndilo bora. Makundi hayohayo yanamwagia moto picha ambazo ngozi imelainishwa hadi vinyweleo vimepotea na bibi harusi kapaushwa shedi mbili. "Mteja ndivyo anavyopenda," watakujibu, na kibiashara wana hoja. Tatizo ni kwamba anayeanza anaimeza ladha hiyo kabla hajajifunza kuona, na hayupo wa kumuuliza kama mama wa bibi harusi amemtambua mwanawe.

Kuna jingine linalorukwa ndani na nje: mtu aliye kwenye picha. Kazi ya mteja ikiwekwa kundini kuombewa maoni, mamia ya watu wanajadili tumbo au pua ya mtu asiyejua kwamba anajadiliwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hiyo haikuwa kesi ya kundi la wapiga picha, lakini idhini inayotakiwa ni ileile. Ujumbe mmoja kwa mteja kabla ya kuweka picha unatosha. Kwa watoto, ningesema usiweke kabisa.

Kuhusu ukali, sidhani ni tatizo kubwa kama inavyodaiwa. Kwenye makundi yetu watu hukwepa kumkosoa mwenzao hadharani, hasa aliyewazidi umri, na anayekosoa bila adabu hujibiwa na wengine kabla mwenye picha hajafungua mdomo. Adha iliyo kubwa zaidi huwapata wasichana, ambao picha yao ikipata sifa tatu kundini, hupata jumbe sita faraghani zisizohusu picha. Admini anayefumbia macho hilo anapunguza watu, kisha analalamika kwamba wanawake hawajitokezi.

Kigumu kweli ni kimya cha wanaojua. Kuisoma picha moja vizuri, kuuliza ilipigwaje na kueleza kilichokosekana, si kazi ya sekunde tano, na kundi la WhatsApp linaruhusu watu 1,024. Juu ya hapo mwenye ujuzi ana sababu ya kunyamaza: huyu anayemfundisha bure leo anaweza kesho kutaja nusu ya bei yake kwa harusi ileile. Ndiyo maana wengi wa hao huishia kuwa wasomaji tu, au hufungua darasa la kulipia na kuanza kuitwa wachoyo. Mimi siwalaumu. Studio ya zamani ilimlipa fundi kwa jasho la mwanafunzi, wakati kundi linataka masomo hayohayo kwa alama ya moto.

Kwa hiyo ninaowaona wakipiga hatua ni wale waliolichukulia kundi kubwa kama soko la kukutana na watu, wakachomoa humo wanne au watano wa kiwango chao. Wanatumiana faili kamili, na pamoja na ile picha moja iliyong'aa wanatuma mlolongo wote wa tukio, zikiwemo zilizoharibika, maana makosa yamejificha kwenye zile ambazo mtu hazionyeshi. Wanaulizana kitu mahususi: nilitaka macho yaende kwa bibi harusi, kwa nini yanaenda kwenye keki? Kikundi cha namna hiyo nacho kina hatari yake. Watano wa kiwango kimoja wanaweza kukubaliana juu ya kosa moja mwaka mzima bila kushtuka, kwa hiyo anahitajika aliyewatangulia, angalau mara mojamoja, na saa yake ilipwe: kwa fedha, au kwa kumbebea taa na stendi kutwa ya Jumamosi, asubuhi kanisani na usiku ukumbini. Nafasi za kubeba taa hutangazwa kwenye lile kundi kubwa, kati ya betri za Canon na michango ya msiba, na huwa hazikai muda mrefu.