Spika ya katikati iko dukani

Shemeji yangu wa Uyole alinipigia Jumapili, sabufa imeharibika. Nafika, filamu inaendelea. Risasi zinalia, magari yanapita, muziki umejaa sebule nzima, lakini waigizaji wanachezesha midomo kama samaki.

"Hizi za kuwekewa kwenye flashi zimebanwa mno, shem. Maneno wameyakata ili file liwe dogo."

Lawama hii naisikia kuanzia Mwanjelwa mpaka vibanda umiza vya huku kwetu, na mimi siikubali. Kubana sauti si kukata maneno. Mvua ya Mbeya ikishaanza kupiga bati, mwite mtu aliye jikoni uone kama ataitika. Sauti yako ipo, ila imefunikwa. Dolby Digital, mfumo wa kubana sauti za filamu, inatumia udhaifu huohuo wa sikio: inakadiria ni sauti zipi zitafunikwa na kubwa zilizo jirani nazo, halafu inazipa biti (vipande vidogo kabisa vya data) chache, au inazinyima kabisa. Nafasi ikibana zaidi, sauti nyembamba za chaneli kadhaa (chaneli ni njia ya sauti ya kupeleka kwenye spika yake) zinabebwa kwa pamoja. Chaneli sita zisizobanwa, kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na biti 16 kila sampuli, zinakula biti milioni 4.6 kwa sekunde. Kwenye DVD zote sita zinaenea ndani ya biti 448,000 kwa sekunde. Chini ya sehemu moja ya kumi! Na risasi bado zinakushtua.

(Chaneli hizo sita ndizo zinazoandikwa 5.1: tano za kawaida, na ile ".1" ni chaneli ya besi peke yake, inaishia kwenye hezi 120 hivi. Wa kulalamikiwa, kwangu mimi, ni filamu za kutafsiriwa: mara nyingi zina chaneli mbili tu, hata kasha likiandikwa 5.1.)

Tena mazungumzo ya filamu huwekwa zaidi kwenye chaneli ya katikati. Nikachungulia chini ya runinga. Nafasi tupu, waya unaning'inia.

"Ile ndogo ya hapa iko wapi?"

"Nimeipeleka dukani, inapiga redio."

Nikaingia kwenye menyu ya deki, nikaiambia spika ya katikati haipo. Ikaigawa chaneli ile kushoto na kulia, na watu wakaanza kusema. Shemeji akasikiliza kidogo, akaniambia kumbe hata filamu yenyewe wanagombana tu.